Siku Niliyompimia Sista Chai

Kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, na mtasikia, maana mtaa wetu wa Munuki wote unajua na nusu ya soko la Custom pia, acheni niseme mwenyewe kwa mdomo wangu: mimi Keji, mwanamke mzima, mke wa mtu, sauti ya kwanza katika kwaya ya akina mama, nilimpa mkunga chai kwenye jagi nikamwambia ni mkojo wangu. Haya, chekeni. Chekeni mmalize, halafu niwaeleze ilivyokuwa, kwa sababu anayesikia mwisho tu hudhani nilishikwa na kichaa cha uzazi, na mimi sikuwa na kichaa chochote, nilikuwa na aibu tu, na aibu ikikukalia vizuri inakufanya mjinga kuliko kichaa.

Ilikuwa ile miaka ya vita, wakati sukari ilikuwa inapotea dukani kila barabara ya Nimule, ya malori ya Uganda, inapofungwa. Nilikuwa nauza mitumba Custom, katikati ya Mganda wa viatu na Mkenya wa masufuria (Kiswahili changu nimekiokota kwao, na kingine Uganda tulikokimbilia nikiwa mdogo, kwa hiyo kikipinda mnivumilie), na nilikuwa na mimba yangu ya kwanza baada ya kungoja miaka saba. Miaka saba, jamani. Mpaka nguo za watoto nilikuwa sitaki kuzipanga kwenye meza yangu, nilikuwa nazisukuma chini.

Uchungu ulinianza asubuhi. Mume wangu Wani alinipakia kwenye boda, mimi katikati, yeye nyuma ananishika kama gunia, na pale kwenye kizuizi askari akataka tushuke aone vitambulisho. Sasa wakati anauliza, uchungu ukanibana, nikamshika mkono nikaukamua kwa nguvu zangu zote, na nawaambia, yule mtu mwenye bunduki alipiga kelele kuliko mimi. "Yala, yala, pita! Peleka yeye!" Tukapita.

Hospitalini mtoto akagoma. Amekaa vibaya, wakasema, na mapigo yake yanashuka, na presha yangu inapanda, lazima upasuaji. Wakanichoma sindano ya mgongo, ile ya kuua maumivu chini ya kiuno wewe ukiwa macho, na dakika chache tu miguu yangu ikaniaga, nikawa naiona iko pale lakini ni kama ya mtu mwingine. Nikasikia wananivutavuta tumboni kama watu wanaotafuta kitu ndani ya mfuko, kisha nikasikia sauti ya mtoto. Msichana. Mzima. Sitasema nililia namna gani.

Nilipopelekwa wodini ndipo nikauona ule mpira. Mpira mwembamba umeingizwa kwenye njia ya mkojo mpaka kwenye kibofu, na mwisho wake kuna mfuko wa plastiki unaning'inia kando ya kitanda, na kila anayepita anauona mkojo wako na rangi yake, kama anavyoona soda dukani. Niliufunika na lawa, lile shuka langu la kujitanda. Likaanguka. Nikaufunika tena.

Mkunga wa wodi alikuwa Mkenya, tulimwita Sista Nekesa, mama mnene mwenye mikono ya joto na macho ambayo hayakosi kitu. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi akaja kunitoa ule mpira.

"Sasa Mama Mtoto, sikia," akasema. "Ile sindano ililaza miguu, ikalaza na kibofu. Miguu imeamka. Nataka kuona kama na kibofu kimeamka. Kunywa maji, ukijisikia, kojoa ndani ya hili jagi. Usimwage, mimi nitapima. Ikifika saa sita mchana hakijatoka kitu, uniambie, nitarudisha mpira tukipumzishe. Usingoje nikuulize. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Sista."

Nilielewa neno moja tu: nitarudisha mpira.

Basi nikaanza kazi. Nikanywa maji. Nikajikokota mpaka chooni nimeshika kidonda changu, nikachuchumaa juu ya jagi, nikangoja. Kimya. Nikarudi. Nikanywa tena. Nikaenda tena. Nikaimba kidogo. Kimya. Wifi yangu Poni, dada yake Wani aliyekuwa ananiuguza, akasema kwao wanawake husaidiwa na sauti ya maji, na kwa kuwa bomba la wodi lilikuwa halijatoa tone tangu sijui lini, akachukua jerikeni akawa anamimina maji polepole kwenye beseni kando ya kitanda changu, chururuu, chururuu. Nawaambia kweli, wanawake watatu waliinuka mbio kwenda chooni. Mimi nimekaa pale na jagi langu kama mtu anayeuza maziwa.

Kitanda cha jirani alikuwa Achol, naye amepasuliwa, mrefu mpaka miguu inatoka nje ya kitanda. (Nje ya ule ukuta kabila lake na langu walikuwa hawaangaliani usoni siku zile. Ndani ya wodi tulikuwa tunagawana sabuni.) Akanigeukia.

"Mama, mkojo iko?"

"Iko, iko," nikamjibu. Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza, na ulitoka kirahisi kuliko mkojo.

Kilichoniponza hasa ni saa nane. Saa nane ni saa ya wageni, na siku hiyo walikuwa wanakuja akina mama wa kanisa, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Mama Rejoice, ambaye mimi na yeye tulikuwa tumegombania uongozi wa kwaya mwaka mzima mpaka mchungaji akachoka na sisi. Mama Rejoice ni mtu wa kusimama wima kama nguzo ya kanisa. Mimi ni mtu wa kuruka. Nikamwona akilini anasimama mbele ya kitanda changu, anauangalia ule mfuko wa mkojo, kisha ananiangalia mimi, kisha anasema kwa upole, "Pole, dada." Huo upole ndio sikuutaka!

Saa tano na nusu. Poni ametoka kufua nguo za mtoto. Juu ya kijimeza kuna chupa ya chai. Ilikuwa chai ya rangi, nyepesi, maana majani tulikuwa tunayabania, na kwa kuwa sukari haikupatikana Poni alikuwa ameitia glukosi, ule unga mtamu wa kwenye boksi ambao wazazi wote huletewa. Nikaiangalia ile chai kwenye kikombe. Rangi ni ile ile. Nikaigusa. Imepoa kidogo, ina vuguvugu la mwili kabisa.

Nani alinifundisha? Hakuna. Nililivuta jagi chini ya lawa, nikamimina taratibu mpaka mstari wa mia tatu (nikaongeza kidogo, nisionekane bahili), nikalifunika na kitambaa, nikaita kwa sauti ya mshindi, "Sista! Tayari!"

Sista Nekesa akafurahi kuliko nilivyotegemea, na hiyo iliniuma kidogo. "Vizuri sana, Mama! Mia tatu na ishirini!" Akaandika kwenye karatasi yangu. Nikalala chali kama malkia. Yangeishia hapo, ningekuwa nimekufa na siri yangu, na nasema kufa kwa sababu mtaona. Lakini nilisahau kitu kimoja: presha yangu. Kwa ajili ya presha, ilikuwa lazima Sista aingize kile kijiti cha kupimia ndani ya mkojo wangu aone kama kuna protini. Akakiingiza. Akakitazama. Akakipeleka dirishani akakitazama tena. Kile kidoa cha kuonyesha sukari kilikuwa kimegeuka rangi ya kahawa nyeusi.

"Mama," akasema polepole, "kwenu kuna mtu mwenye ugonjwa wa sukari?"

Hapo ndipo nilitakiwa kufungua mdomo. Badala yake nikasema, "Labda shangazi." Sina shangazi mwenye sukari. Sina shangazi.

Akanichoma kidole, akapima damu. Damu iko sawa. Akachoma kidole kingine. Iko sawa. Akamwita daktari, kijana mwenye miwani, naye akanichoma, akakuna kichwa, akasema hajawahi kuona damu haina kitu na mkojo umejaa sukari namna hii. Mimi nalamba vidole vyangu vitatu vilivyotobolewa, na wakati huohuo, jamani, tumbo langu linaanza kupanda. Chini ya kitovu kulikuwa kumevimba kama tikiti, linasukuma kidonda. Nikikohoa natoka matone mawili matatu bila kuombwa. Nikajifariji: si unaona, yanatoka.

Saa nane ikafika. Wani aliingia kwanza, akasikia neno sukari, na Wani wangu mnamjua, mtu mzuri lakini hofu yake haikai ndani. Akatoka mbio mpaka getini, akawakuta akina mama wa kanisa, akawaambia mke wake ana sukari, tena imepanda mpaka kijiti kimekuwa cheusi. Wakaingia wanane wakiomba kwa sauti. Waliikemea sukari. Waliifukuza kutoka kwenye damu, kwenye mifupa, kwenye kizazi changu chote. Kisha Mama Rejoice, ambaye hana kazi nusu, akaamuru vitu vitamu vyote viondolewe karibu yangu: ndizi, biskuti, boksi la glukosi, na ile chupa ya chai. Na kwa kuwa miaka ile hakuna aliyemwaga chai tamu, akajimiminia iliyobaki kwenye kikombe, akaanza kuinywa taratibu huku ananihurumia.

"Pole, dada," akasema.

Ningevumilia. Naapa, kwa kiburi nilichokuwa nacho ningevumilia hata hilo. Lakini daktari akasema, "Mama akiwa na sukari, ya mtoto inaweza kushuka ghafla. Hebu tumpime na mtoto." Sista akamchukua binti yangu, akamfunua mguu, akaanza kuufuta kisigino na pamba. Kile kisigino, nawaambia, kilikuwa kidogo kuliko kidole gumba changu, kimekunjamana, na mtoto amelala hana habari kwamba mama yake ni mwongo. Nikaona sindano inasogea.

"Hapana!" Sauti niliyotoa ni ile ya kuitia wateja Custom. "Msimchome! Mimi sina sukari! Ule haukuwa mkojo, ilikuwa chai! Ile chai!"

Na nikanyoosha kidole, na Mungu anisamehe, kidole kilikwenda moja kwa moja kwenye kikombe cha Mama Rejoice.

Mama Rejoice alikuwa amejaza mdomo. Akaangalia kikombe. Akaniangalia mimi. Nikaona hesabu inapita usoni mwake, chai ni mkojo, mkojo ni chai, na kabla sijamweleza vizuri, fuuu! yote ikamwendea Wani kwenye shati lake jeupe la kumpokelea mtoto.

"Nimekunywa nini?" akapiga yowe. "Keji! Nimekunywa nini?"

"Ni chai, Mama! Wewe umekunywa chai kweli! Sista ndiye alipewa... ni chai!"

Achol alicheka mpaka akalia, ameshika nyuzi zake kwa mikono miwili. "Malesh, mama, samahani, usinichekeshe, mimi iko na kidonda!" Wodi nzima ikalipuka. Aliyekuwa hajui Kiswahili akatafsiriwa Kiarabu, akaanza kucheka wenzake wanapomaliza.

Sista Nekesa peke yake hakucheka. Alimrudisha mtoto kwa Poni, akawatoa watu, akavuta pazia, akaweka mkono wake chini ya kitovu changu. Akabonyeza kidogo tu. Niliona nyota.

"Tangu saa kumi na mbili hujakojoa?"

"Yanatoka matone, Sista. Nikikohoa."

"Hayo si kukojoa. Hicho ni kibofu kimejaa mpaka kinafurika." Alikuwa anafungua pakiti ya mpira mpya, na mikono yake ilikuwa na haraka ambayo sauti yake haikuwa nayo. "Wewe unauza mitumba, sivyo? Unajua lastiki ya kiuno cha suruali. Ukiivuta sana, siku nzima, ukiiachia inarudi?"

"Hairudi, Sista."

"Basi kibofu ni hivyo hivyo. Ungenidanganya mpaka jioni ungeweza kutoka hapa na kibofu kisichorudi, unavaa nepi pamoja na mtoto wako. Tena kikijaa hivi kinasukuma kizazi, kizazi kinashindwa kukaza, unaanza kutoka damu. Ulingoja mtoto miaka mingapi?"

"Saba," nikasema, na hapo nikaanza kulia.

Akaacha alichokuwa anafanya, akanipangusa uso na mgongo wa mkono wake. "Kibofu kugoma si kosa lako. Wanawake wengi kinawagomea baada ya sindano. Kosa ni kunificha mimi. Vuta pumzi."

Na ule mpira niliouogopa tangu asubuhi, jamani, ulikuwa kuungua kidogo tu, mara moja, kisha nikasikia kitu ambacho siwezi kukifananisha. Tikiti likaanza kushuka. Mkojo ukakimbia ndani ya mfuko, ukapita nusu lita, ukapita lita, ukaendelea, na mimi nalia na kucheka na kumwita Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Nimewahi kuimba mbele ya kanisa lililojaa mpaka nje. Sijawahi kusikia raha kama ile.

Pazia lilipofunguliwa, mfuko ulikuwa pale unaning'inia, umevimba, na sikuwa hata na nguvu ya kuufunika. Mama Rejoice akarudi peke yake, amesukutua mdomo. Nikajua amekuja kunimaliza. Akavuta kiti, akakaa upande uleule wa mfuko, akaangalia nyuma kama kuna anayesikia.

"Mimi tangu mtoto wa nne," akasema chini chini, "nikiruka inatoka. Nikipiga chafya inatoka. Unafikiri kwa nini kwenye kwaya nasimama kama mti?"

Mwaka mzima nilikuwa namsema kwamba ana majivuno. Nikafanya kitu pekee nilichokuwa nimejifunza siku hiyo, nikamwita Sista. Sista akamfundisha palepale zoezi la kukaza misuli ya chini, kama mtu anayezuia upepo katikati ya mahubiri, mara nyingi kila siku, na akamwambia arudi kliniki. (Alirudi. Kwa miezi kadhaa ukimwona Mama Rejoice kanisani amekaza uso, ujue hakasiriki, anafanya zoezi.)

Mpira ulikaa siku mbili kibofu kipumzike. Siku ya tatu Sista akautoa, akaniwekea jagi, na safari hii akaiondoa chupa ya chai mwenyewe, akaenda nayo. Wodi yote inajua. Poni na jerikeni lake amepigwa marufuku. Nikanywa maji, nikangoja, na saa nne hivi nikasikia kitu kidogo kinaniita chini kule, kama mtu anayegonga mlango kwa kidole kimoja. Nikaenda. Nikachuchumaa. Sikuimba. Na ukaja, kwanza kamba nyembamba, kisha chururuu, unagonga plastiki ya jagi kama mvua ya kwanza juu ya bati.

Nilirudi nimelibeba kwa mikono miwili, bila kitambaa, kupita katikati ya vitanda vyote. Sista akalipokea. Akalinusa! (Alikuwa na haki.) Akaingiza kijiti. Hakuna sukari. Akasoma mstari, "Mia tatu na hamsini," akanibonyeza chini ya kitovu, na palikuwa laini kama unga. Akacheka sasa, kwa mara ya kwanza, kicheko cha tumbo zima.

Achol ndiye alianza kigelegele, yule mwenye kidonda. Wodi ikaitikia, kitanda kwa kitanda, wenye watoto na wasiojifungua bado, mpaka mlinzi wa getini akaingia mbio na rungu lake akidhani tumevamiwa.

"Shunu? Shunu hapa? Kuna nini?"

"Mkojo!" Achol akamwambia. "Ya Keji! Imetoka!"

Yule mzee akasimama, akatuangalia mmoja mmoja, akashusha rungu, akasema, "Mabruk, hongera," akatoka.

Jina la binti yangu kanisani ni Grace, ila Custom hakuna anayelijua. Wanamwita Shai, yaani chai kwa Kiarabu. Mimi ni Mama Shai, na nimekubali.

Siku tuliyoruhusiwa, Wani ametangulia na mtoto, nikapita kitanda cha mlangoni. Kulikuwa na mzazi mpya, binti mdogo, amepasuliwa jana yake, anatabasamu tabasamu ninalolijua mimi. Jagi lake chini ya kitanda lilikuwa kavu kabisa.

"Umekojoa?" nikamuuliza.

"Nimekojoa, mama. Iko sawa."

Nikaweka mkono wangu pale Sista alipoweka wake. Akaruka. Nikainama, nikamwambia sikioni, "Na mimi nilisema hivyohivyo." Kisha nikasimama wima, nikavuta pumzi, nikaita kwa sauti yote niliyopewa, "Sista Nekesa! Kitanda cha mlangoni! Kibofu kimegoma!" Yule binti akafunika uso kwa lawa, nami nikakaa pembeni yake, nikamshika mkono, nikamwambia afunike tu, aibu hiyo nitamshikia mimi, mpaka Sista alipofika na pakiti yake na mfuko ukaanza kujaa.

Nimezaa tena mara mbili tangu hapo. Na nimeapa, muuguzi akiniuliza neno lolote la mwili wangu, hata askofu awe amekaa hapo hapo kitandani, nitamjibu lilivyo, na nitajibu kwa sauti ya kwanza.